Pampu, churna au arishta: kumchagulia mzee dawa ya kifua Unguja na Pemba

Anayemuuguza mzee wa kifua hapa visiwani huwa na pa kwenda pengi: hospitali, duka la dawa za Kihindi, wauza dawa za asili wa Darajani, na jikoni kwake mwenyewe penye tangawizi, karafuu na habasoda. Watu hubishana mpaka usiku kama Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ni bora kuliko hospitali au la. Ubishi huo haumsaidii mgonjwa, kwa sababu tofauti kubwa zaidi imo ndani ya kabati moja la duka la Ayurveda. Kopo la sitopaladi na kichupa cha Shwas Kuthar Ras hukaa bega kwa bega, vyote vimeandikwa ni vya kikohozi na pumu. Kimoja ni viungo na sukari. Cha pili kina zebaki na aseniki.

Kwa hiyo hapa tunalinganisha dawa kwa dawa, na kila moja tunaiuliza swali moja: inafanya kazi gani, na kwa mwili wa mtu wa miaka 60 kwenda juu inadai nini?

Kifua kipi?

Tabibu wa Ayurveda akisikia kikohozi cha muda mrefu atakiita kasa. Kubanwa na kuhema ni shwasa, na pumu ndiyo tamaka shwasa. Maelezo yake ni kwamba kapha, yaani balghamu, imeziba njia, na vata, yaani upepo, umekosa pa kupita. Mzee aliyekulia kwenye tiba ya baridi na joto haoni ugeni wowote hapo. Lakini magonjwa matano au sita tofauti humpa mzee malalamiko yale yale, na hayatofautiani kwa kushikwa mkono wala kutazamwa ulimi.

La kwanza kuondolewa shaka ni TB. Kikohozi kikifika wiki 2, makohozi yapimwe; mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa chache, na dawa za TB hutolewa bure. Mzee aliyewahi kuugua TB akapona anaweza kubaki na mapafu yenye makovu yanayojaza makohozi kila asubuhi. Huyo hana pumu, na pampu ya kuvuta dawa itamsaidia kidogo tu.

Kisha moyo. Miguu ikivimba jioni, akilala chali akikosa pumzi, akiamka usiku wa manane kwenda kukaa dirishani, huenda maji yamejaa mapafuni kwa udhaifu wa moyo. Anahitaji dawa ya kukojoza maji hayo. Tangawizi na pippali (pilipili ndefu ya Kihindi) hazitamfikisha popote.

La tatu husahaulika hata na watu wa afya: dawa za presha. Captopril, enalapril na lisinopril huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu chenye kuwasha koo, na kwa kawaida hakikomi mpaka dawa ibadilishwe. Baada ya hapo huweza kuchukua wiki 1 hadi 4, pengine zaidi, kuisha. Propranolol nayo hubana njia za hewa za mwenye pumu. Mzee asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake. Apeleke pakiti zote hospitalini aombe kubadilishiwa. Wapo wanaonunua churna, yaani dawa ya unga, miezi mingi kwa kikohozi kinachotoka kwenye kidonge cha asubuhi.

Ongeza kiungulia kinachopanda usiku, halafu ndipo uje kwenye magonjwa mawili yanayotawala: pumu, inayokuja na kuondoka, na ule ugonjwa sugu wa kuziba mapafu unaoitwa COPD, usioondoka ila hupungua na kuzidi. Wa pili hutokana na moshi. Kwa wanaume mara nyingi ni sigara. Kwa wanawake wa shamba ni miaka 40 ya kupika kwa kuni na makumbi ya nazi kwenye jiko lisilo na bomba. Kipimo chake ni kupuliza kwenye mashine ya spirometa: baada ya kuvuta dawa ya kupanua, hewa inayotoka sekunde ya kwanza ikiwa chini ya 0.70 ya hewa yote aliyopuliza, njia zimeziba. Ulizia kipimo hiki kwenye hospitali kubwa. Picha ya kifua peke yake haiwezi kuuthibitisha ugonjwa huu.

Ndani ya kabati la Ayurveda

| Aina | Mfano | Kilichomo | Kwa mzee |
|---|---|---|---|
| Churna (unga) | Sitopaladi, talisadi, trikatu | Viungo, mara nyingi na sukari | Inafaa kama nyongeza. Tazama kisukari na tumbo |
| Avaleha (dawa nzito ya kulamba) | Chyawanprash, vasavaleha | Matunda au majani, sukari au asali, samli | Inafaa kwa asiye na kisukari |
| Kwatha (ya kuchemsha) | Vasa, kantakari, dashamula | Majani, magome na mizizi | Inafaa ikipikwa kila siku |
| Asava na arishta (ya kuchachusha) | Vasarishta, kanakasava | Mimea, sukari na kilevi | Kanakasava hapana. Nyingine uliza kwanza |
| Ras na bhasma | Shwas Kuthar Ras | Madini: zebaki, aseniki na mengine | Hapana |

Tuanze na inayouzwa zaidi. Sitopaladi ina vitu vitano kwa mafungu yanayopungua nusu kwa nusu: sukari ya mawe 16, vamshalochana (ute mkavu mweupe wa ndani ya mwanzi) 8, pippali 4, iliki 2, mdalasini 1. Jumla ni 31, kwa hiyo zaidi ya nusu ya kopo ni sukari. Talisadi imezidi: kati ya mafungu 48, sukari ni 32, theluthi mbili kamili. Kipimo cha kawaida cha sitopaladi ni gramu 1 hadi 3 mara mbili kwa siku, pamoja na kijiko cha chai cha asali. Piga hesabu ya kipimo cha juu: unga wa gramu 6 kwa siku una sukari kama gramu 3, na vijiko viwili vya asali vinaongeza kama gramu 11. Yaani asali ndiyo inayompandishia mzee sukari kuliko unga wenyewe. Mwenye kisukari achanganye na maji ya vuguvugu, au aache sitopaladi atumie dawa ya kuchemsha.

Inafanya nini? Hutuliza koo, hulegeza makohozi kidogo, humpa mzee hamu ya chakula. Haipanui njia ya hewa iliyobanwa. Mzee anayehema hatapata nafuu ya dakika kumi kutoka kwenye kijiko cha churna, na hapo ndipo watu wanapopoteza muda.

Kuna kosa moja la kutumia unga linalofaa kusemwa wazi: usimwage unga mkavu mdomoni mwa mzee mwenye kukosa pumzi. Akivuta pumzi ghafla, unga unaingia njia ya hewa, anapaliwa, na mbano unaanza upya. Ukande na asali au maji uwe mzito, aulambe kidogo kidogo akiwa amekaa wima.

Trikatu ni pilipili manga, pippali na tangawizi kavu kwa mafungu sawa, bila sukari. Inaonekana ndiyo jibu la mwenye kisukari, lakini inachoma tumbo. Mzee mwenye vidonda vya tumbo, au anayekohoa kwa sababu ya kiungulia, itamzidishia kile kile anachokikimbia.

Chyawanprash ni tunda la amla lililopikwa na sukari, samli na mimea kadhaa. Ni dawa ya kujenga mwili, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa siku na maziwa ya moto, na mzee aliyekonda kwa maradhi anaweza kuifurahia. Usiihesabu kama dawa ya pumu.

Dawa za kuchemsha ndizo tunazozipa alama ya juu, hasa vasa, mmea wa kikohozi wa Kihindi. Majani yake yana kiini kiitwacho vasisini, na kutoka humo wanakemia walitengeneza bromhexine, ambayo leo imo kwenye dawa nyingi za maji za kikohozi katika maduka ya dawa ya kawaida. Kazi yake ni kulainisha makohozi yatoke. Kipimo: kijiko kikubwa kimoja cha vasa iliyopondwa (kama gramu 10) kwa vikombe viwili vya maji, sufuria wazi, moto mdogo, mpaka kibaki nusu kikombe. Achuje, anywe nusu asubuhi na nusu jioni. Sufuria iwe ya udongo au ya chuma kisichoshika kutu. Isilale mpaka kesho, kwani kwenye joto letu dawa ya majani iliyochemshwa huanza kuchacha kabla ya saa 24. Na isipikwe kwa kuni chumba alipo mgonjwa. Moshi wa kuipika utamdhuru kuliko dawa itakavyomsaidia.

Sasa asava na arishta. Hizi hutengenezwa kwa kuacha mimea na sukari vichachuke, kwa hiyo kilevi huzalika humo humo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, na lebo nyingi husema hadi 12. Kipimo ni mililita 15 hadi 30 na maji kiasi hicho hicho, baada ya kula. Muuzaji wa Unguja asipokwambia, soma lebo mwenyewe, maana ndugu wengi wamempa mzee wao swala tano dawa ambayo asingeigusa angejua. Hukumu yake ya dini waulizwe wenye elimu hiyo. Kitabibu, kilevi hugongana na antibiotiki ya metronidazole na dawa za usingizi, na humwangusha mzee mwenye miguu dhaifu. Jambo jepesi ni hili: karibu kila mmea unaouzwa kama arishta upo pia kama unga au majani ya kuchemsha. Badala ya vasarishta, chukua vasa.

Kanakasava ina ubaya wa ziada. Kanaka ni dhatura, ule mmea wa ua refu jeupe na tunda la miiba. Kweli hupanua njia za hewa. Ndani yake mna atropini na ndugu zake. Lakini hukausha makohozi yakagandamana, hufunga mkojo kwa mwenye tezi dume, hupandisha presha ya macho, hukimbiza moyo, na humfanya mzee aweweseke usiku. Hospitali ina dawa ya kuvuta ya ukoo huo huo, ipratropium, inayoingia kifuani kwa kipimo kinachojulikana na kubaki huko sehemu kubwa. Anayetaka faida ya dhatura ataipata humo, bila hesabu za kubahatisha.

Kundi la mwisho ni ras na bhasma. Shwas Kuthar Ras hutengenezwa kwa zebaki na salfa zilizosagwa pamoja, manashila (aseniki), mzizi wa akoniti unaovuruga mapigo ya moyo, tankana (boraksi), na pilipili. Wenyewe husema madini hayo "yamesafishwa". Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa kwenye intaneti, wakakuta karibu moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki. Kwenye zile za ras zilikuwa mbili kati ya tano. Figo za mzee tayari zimepungua nguvu, na madini hayo hujilimbikiza humo. Hatuoni sababu yoyote ya kumpa.

Kwenye lebo maneno ya kukuzuia ni haya: ras, bhasma, sindur, parpati, kajjali, parad (zebaki), hartal na manashila (aseniki), naga (risasi). Kisha tafuta namba ya leseni ya kiwanda, namba ya toleo, na tarehe ya kwisha. Unga uliofungwa kwenye karatasi ya daftari hauna hata kimoja kati ya hivyo. Jihadhari zaidi na unga usio na jina "unaomaliza pumu kwa siku tatu". Kinachofanya kazi kwa kasi hiyo mara nyingi ni steroidi (dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe) iliyotiwa kwa siri: uso unakuwa wa mviringo, njaa inazidi, sukari inapanda, ngozi inakuwa nyepesi. Ukishuku hivyo, asiukatishe ghafla. Mwili uliozoea steroidi ukinyimwa kwa mara moja huanguka: presha inashuka, anatapika, nguvu zinaisha. Mpeleke na kichupa chenyewe.

Pampu na chupa ya maji

Pampu ya salbutamol hufungua njia ya hewa ndani ya dakika chache na kazi yake hudumu saa 4 hadi 6. Hakuna kitu kwenye kabati la Ayurveda kinachoshindana nayo hapo. Ila kwa mwenye pumu haitoshi peke yake; anahitaji pia ya steroidi ya kuvuta (beclomethasone au budesonide) kila siku, ambayo ndiyo inayotuliza uvimbe wa ndani. Mwenye COPD hutegemea zaidi dawa za kupanua za muda mrefu. Wazee wengi huiacha ya steroidi kwa sababu "haifanyi kitu". Kazi yake huonekana baada ya wiki kadhaa.

Malalamiko makubwa dhidi ya pampu ni kwamba haimsaidii mzee. Mara nyingi pampu ni nzima na uvutaji ndio mbovu: vidole vina baridi yabisi, anabonyeza mapema, dawa inagonga ulimi na kuishia kooni. Dawa ya tatizo hili ni chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Kata kitakoni tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, lifanywe dogo kidogo ili libane, na ziba pembeni kwa utepe wa gundi. Ioshe kwa maji yenye matone ya sabuni, iache ijikaushe yenyewe; ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme mkavu unaonasa dawa ukutani.

Mzee akae wima. Tikisa pampu, ipachike, apumue nje, aume mdomo wa chupa kwa midomo iliyofungwa. Wewe bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi ndani ya chupa mara 5 au 6, taratibu. Kama ni ya pili, tikisa tena ndipo ubonyeze. Mibonyezo miwili kwa mpigo huishia kwenye kuta za chupa. Baada ya steroidi asukutue na ateme, la sivyo mdomo utaota utando mweupe.

Pampu nyingi zina mibonyezo 200. Andika tarehe ya kuanza juu yake: anayetumia 4 kwa siku itamtosha siku 50, na baada ya hapo inaweza kuendelea kufuka gesi isiyo na dawa. Isikae dirishani penye jua wala karibu na jiko.

Mafuta, mvuke, matone ya pua na safari ya India

Kupaka kifua na mgongo mafuta ya ufuta ya vuguvugu yenye chumvi ya mawe, kisha kuweka taulo la moto, ni tiba ya Ayurveda isiyo na ugomvi na mtu. Hulegeza misuli ya mbavu iliyochoka kuhema, na mzee hupata usingizi. Jaribu joto kwa kiwiko chako kwanza, kwani ngozi ya mzee aliyetumia steroidi huchubuka upesi.

Mvuke unahitaji uangalifu. Kumfunika mzee shuka juu ya chungu kinachochemka ni njia ya kuungua, na mwenye pumu anaweza kubanwa zaidi na mvuke mkali au mafuta ya karafuu. Beseni liwekwe mezani, maji yaliyokwisha kuepuliwa, bila kujifunika, dakika 5 hadi 10, na mtu awepo.

Matone ya mafuta puani (nasya, kwa kawaida anu taila matone 2 kila tundu) tunayakataa kwa mzee anayepaliwa akila, au aliyepata kiharusi. Mafuta huteleza kimyakimya mpaka mapafuni na kusababisha nimonia ambayo antibiotiki haiitibu. Dhumapana, kuvuta moshi wa mimea, nayo ni moshi tu. Pafu lililoharibiwa na moshi wa kuni halijali mmea ulikuwa mtukufu kiasi gani.

Kutapisha, vamana, ndiyo tiba kubwa ya vitabu kwa balghamu ya kifua. Vitabu hivyo hivyo vya kale vinamtoa mzee sana na mdhaifu kwenye orodha ya wanaofaa. Akipaliwa na matapishi, akaishiwa maji na potasiamu, moyo hufuata. Ukiambiwa kifurushi cha tiba cha wiki mbili hadi nne huko Kerala, India, kina vamana kwa bibi wa miaka 75, kiombe kiondolewe au tafuta kituo kingine. Na kabla ya tiketi, mpime oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi, inaweza kufikia ile ya mlima wa karibu mita 2,400. Mzee anayesoma chini ya 92 akiwa amekaa barazani anahitaji kauli ya daktari na pengine oksijeni ya safarini.

Mazoezi ya pumzi ni pahala Ayurveda na yoga zinapokutana na hospitali vizuri. Avute kwa pua kwa hesabu ya 2, atoe kwa midomo iliyobanwa kidogo kwa hesabu ya 4, dakika 5 mara tatu kwa siku, na kila anapopanda ngazi. Yale ya kupuliza kwa kasi, kapalabhati na bhastrika, ayaache. Hupandisha presha na kunasa hewa mapafuni.

Vya jikoni

Tangawizi, iliki, mdalasini, manjano, mrehani: vyote vimo kwenye Ayurveda, na vyote viko sokoni hapa vikiwa vibichi kuliko vilivyosafiri kwenye kopo. Kwa koo na makohozi mepesi, chai ya tangawizi hufanya sehemu kubwa ya kazi ya sitopaladi kwa bei ndogo. Habasoda imepimwa kwenye majaribio madogo ya wenye pumu na kuonekana kusaidia kiasi juu ya dawa zao za kuvuta, si badala yake.

Kinachohesabika zaidi nyumbani ni kilichoondolewa. Udi na ubani ndani ya chumba cha mgonjwa, dawa ya mbu ya kuwasha, jiko la makumbi upenuni: hivi vikibaki, hakuna churna wala pampu itakayoshinda. Kumwambia bibi asifukize nyumba Alhamisi jioni ni kazi ngumu. Afukize uani, au nguo zifukizwe zikiwa nje. Nyumba za Mji Mkongwe zina jambo jingine, ukungu wa ukutani wakati wa masika. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta uliolowa. Unyevu huo huo huharibu dawa: unga wenye sukari hugandamana na kuota kuvu. Nunua kopo dogo, hamishia chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, kijiko kiwe kikavu. Unga ulioganda au wenye harufu ya chumba kilichofungwa utupwe.

Zinapogongana

Pippali na pilipili manga zina piperini, inayozuia mwili kuondoa baadhi ya dawa. Mzee anayemeza aminophylline au theophylline, vidonge vya pumu ambavyo kipimo cha kutibu na cha kudhuru havipishani sana, akiongeza trikatu anaweza kuanza kutetemeka, kutapika na moyo kwenda mbio. Propranolol na phenytoin (ya kifafa) nazo hupanda damuni. Yashtimadhu, ule mzizi mtamu uliomo kwenye dawa nyingi za koo, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Furosemide, dawa ya kukojoza maji, hushusha potasiamu vilevile, na salbutamol nyingi pia. Vitatu vikikutana, mapigo ya moyo huharibika. Somlata, mmea mwingine wa Ayurveda, ina efedrini inayopandisha presha; kwa mwenye presha haifai kabisa. Manjano na tangawizi kwa wingi wa dawa hazipatani na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Ndio maana mfuko wa plastiki wenye vidonge na makopo yote upelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja au Chake Chake kama ulivyo, bila kuficha kopo la Kihindi. Daktari anayekaripia ni afadhali kuliko asiyejua.

Basi mzee yupi, dawa ipi

Mwenye pumu: pampu mbili na chupa, kila siku. Churna ni hiari. Mwenye COPD wa moshi wa jikoni: kuhamishwa jikoni, pampu, mazoezi ya kutembea na ya pumzi, vasa ya kuchemsha kama makohozi ni mazito. Aliyebaki na makovu ya TB: hapa vasa, mvuke mwepesi na kulala ubavu ili makohozi yateremke ndivyo vyenye nafasi kubwa, na antibiotiki makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka. Mwenye moyo: hospitali, na asiguse yashtimadhu wala somlata. Mwenye kikohozi kikavu cha kidonge cha presha hahitaji chochote kati ya haya.

Wakati wa Ramadhani, steroidi ya kuvuta na churna zote zinakubali ratiba ya futari na daku. Kuhusu pampu ya dharura mchana wanazuoni wana kauli mbili. Kitabibu, mzee aliyebanwa asisubiri adhana.

Na mzee akishindwa kumaliza sentensi, midomo au ulimi ukibadilika rangi, akisinzia au kuchanganyikiwa, oksijeni ikishuka chini ya 90 (kwa mwenye COPD, chini ya 88), akitema damu: gari. Njiani mpe salbutamol kwa chupa, mbonyezo mmoja mmoja, 4 hadi 10 kila dakika 20 kwa saa ya kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu Ayurveda juu ya dawa zake, aongeze kitu kimoja tu, wiki 4, na kabla ya kuanza aandike mambo matatu: anatembea umbali gani kwa dakika 6, ameamka usiku mara ngapi wiki hiyo, amebonyeza salbutamol mara ngapi. Kopo la gramu 100 kwa gramu 4 kwa siku humalizika siku ya 25, karibu na muda wa kupima tena. Namba zikiwa zile zile, kopo la pili halina kazi.